Kelele Ilitoka Wapi?



Mwezi huu nataka kuwasimulia habari ya masini ya kupiga disiki. Vijana wengi wa leo wanasikiliza nyimbo katika telefone, hawajaona hata siku moja masini ya namna hii ikifanya kazi. Wengine waliiita turne-diski. Wazee wa kambi zetu waliiita gramafoni, na baba yangu angali anaiita hivyo. Nitafuata neno lake.

Mimi ni mchungaji, si fundi. Katika shule ya Biblia sikufundishwa kufungua motere. Lakini gramafoni ya baba yangu iliharibika mwaka 1993, na kelele yake ilikaa katika jamaa yetu zaidi ya miaka 30, hata wakati masini yenyewe ilikuwa imezimwa na kuwekwa chini ya kitanda. Someni mpaka mwisho, mtafahamu kwa nini nasema hivi.

GRAMAFONI YA BABA

Baba alikuwa fundi katika atelie ya kampuni ya shaba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pompa na kompresa. Ninyi mnaokaa karibu na mine mnajua kelele ya kompresa ni kelele gani. Siku hizo watu wengi walifanya kazi bila kitu cha kufunika masikio, na baba alikuwa mmoja wao. Kelele ya namna hiyo haiui sikio lote mara moja. Inaanza kuua sauti nyembamba, zile za karibu na Hertz 4,000. Sauti nzito zinabaki. Ndiyo sababu mzee wa mine anaweza kukosa kusikia maneno ya mjukuu wake anayesema polepole, lakini akasikia lori kabla ya watu wote.

Baba aliinunua gramafoni mbele ya mimi kuzaliwa. Ilikuwa sanduku la mbao lenye kifuniko, na opalere ndani yake. Ilikuwa na kifungo cha sauti, kifungo cha motere, na kifungo cha mwendo chenye namba nne: 16, 33, 45 na 78. Disiki zake hazikupita 20. Moja aliipenda kuliko zote, ya gitaa ya Jean Bosco Mwenda. Huyu ni yule Mwenda ambaye Hugh Tracey alimkuta Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952, akaweka gitaa yake katika disiki hata watu wa inchi nyingine wakaisikia.

Siku ya Mungu, kisha kula bukari, baba alitoa gramafoni nje, chini ya muembe. Alipangusa disiki kwa kitambaa safi. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kuigusa. Jirani walikuja na viti vyao. Na baba mudogo, ndugu yake wa kumfuata, alikuwa wa kwanza kufika kila mara. Wale wawili walikuwa watu wa kucheka pamoja. Mama alikuwa akisema, mmoja akikohoa, mwingine anatafuta dawa.

MAFUTA YA MAMA

Mwezi wa tano mwaka 1993 gramafoni ilianza kulia kidogo wakati wa kuwaka, ki-ki-ki, kisha inanyamaza. Mimi nilikuwa na miaka 13. Nilikuwa nimeona baba akitia mafuta katika kinga yake, na kinga ikanyamaza. Basi siku moja, baba akiwa kazini, nilichukua turnevisi nikafungua sanduku. Niliona chuma chembamba kinachotoka katika motere. Mafuta ya masini sikuyapata nyumbani. Nilichukua chupa ya mafuta ya ngazi ya mama, nikatia. Si tone moja. Nilitia kama mtu anayekaanga samaki.

Niliiwasha. Ile ki-ki-ki ilikwisha kabisa! Nilifurahi sana moyoni, lakini sikumwambia mtu, kwa sababu tulikatazwa kugusa.

Kisha juma mbili, baba mudogo aliomba gramafoni kwa ndoa ya rafiki yake katika kambi nyingine. Baba alimpa. Aliifunga nyuma ya kinga, akaenda nayo, akairudisha siku ya kwanza asubuhi. Siku ya Mungu iliyofuata tulikuwa tayari katika mwezi wa sita, na ninyi mnajua baridi ya kipwa katika Katanga yetu. Baba aliwasha gramafoni. Chini ya gitaa tulisikia nguruma: nguuu, nguuu, nguuu. Haikuacha. Alizima, akawasha tena. Nguuu.

Jirani walisema si kitu, wimbo ungali unasikika. Lakini fikirini masikio ya baba yangu. Sauti nyembamba ya gitaa aliisikia kwa shida, na sauti nzito aliisikia yote. Kwake yeye ile nguruma ilifunika wimbo mzima.

Alimgeukia ndugu yake. “Mudogo, uliiangusha.”

“Yaya, miye sikuiangusha.”

“Ilitoka hapa muzima. Imerudi mugonjwa. Nani alikuwa nayo?”

“Njo miye nilikuwa nayo. Lakini sikuiangusha.”

Baba alisema maneno mbele ya jirani ambayo sitayaandika hapa. Alimwita ndugu yake mwongo. Mimi nilisimama mlangoni, beseni ya maji mkononi, na nilinyamaza. Nilijiambia: pengine kweli aliiangusha. Mtoto anajua kujidanganya vizuri kama mtu mzima.

Baba alifunga kifuniko, akasukuma gramafoni chini ya kitanda. Baba mudogo alihamia Likasi. Katika ndoa na matanga alikuja, lakini nyumbani mwetu hakulala tena, wala hakula. Mama yetu alipofariki mwaka 2009, alikuja, akafanya kazi ya makaburi pamoja na vijana, akanawa mikono, akarudi Likasi jioni ile ile. Wakati huo mimi nilikuwa mchungaji. Watu waliniita kupatanisha mume na mke, ndugu na ndugu. Nilienda, niliketi katikati yao, nilisema maneno mazuri. Na nilirudi nyumbani nikijua kile ninachokijua.

“SIKILIZA KWANZA”

Mwezi wa saba mwaka 2024 mtoto wangu wa kike alivuta lile sanduku chini ya kitanda cha babu yake, akauliza ni nini. Baba, mwenye miaka 78, alitazama sana. Kisha akaniambia: “Pasta, leta turnevisi. Mbele ya kufa nataka kujua hii masini inaugua nini.”

Nilitaka kufungua mara moja. Alinizuia. “Usifungue. Sikiliza kwanza. Mutu akifungua mbele ya kusikiliza, atatengeneza kitu ambacho hakiugui.”

Nitawaeleza namna tulivyofanya, maana inaweza kumsaidia yeyote mwenye masini ya namna hii. Masini ya disiki ina sauti nyingi ndani yake, na mtu akisema tu “inanguruma” hajasema neno. Inafaa kutenga sauti moja moja.

Jaribio la kwanza. Tuliwasha upande wa sauti, tukaacha motere imezimwa na mkono wa sindano umelala mahali pake. Opalere ilitoa pumzi ndogo tu. Kama ingalinguruma hapo, motere haina kosa. Mtu angetafuta katika waya na katika sehemu inayokuza sauti.

Jaribio la pili. Tuliwasha motere, lakini sindano ikabaki hewani, haigusi disiki. Opalere ilinyamaza. Kama ingalinguruma sasa, hiyo ni nguruma ya umeme: pengine waya wa masi umekatika, pengine kichwa cha sindano kinapokea nguvu ya sumaku ya motere. Lakini kwetu opalere ilikuwa kimya, na nguruma tuliisikia kwa sikio tu, ikitoka chini ya sanduku lenyewe.

Jaribio la tatu. Tuliweka sindano juu ya disiki inayozunguka. Hapo ndipo nguuu iliingia katika opalere kwa nguvu, ile ile ya mwaka 1993. Tena kulikuwa na sauti nyingine ambayo sikuikumbuka: tuk, tuk, tuk. Baba alinieleza: “Sindano haijui wimbo. Inajua kutetemeka tu. Disiki ikiitetemesha, itasema. Motere ikiitetemesha, itasema vilevile.”

Kisha akaniambia nihesabu tuk-tuk. Disiki ya 33 inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8. Kelele inayorudi kila sekunde 1.8 inatoka katika disiki yenyewe iliyopindika, au katika sahani inayoibeba. Ile tuk-tuk yetu ilirudi upesi kuliko hiyo. Kwa hiyo haikutoka katika sahani. Na nguruma isiyo na mapumziko mara nyingi ni ya motere, kwa maana motere inazunguka upesi sana. Kwa umeme wetu wa Hertz 50, motere za masini hizi zinakaribia mizunguko 1,500 kwa dakika, na nyingine 3,000.

Jaribio la nne. Tulichomoa waya katika ukuta. Baba alitoa sahani, kisha akatoa kigurudumu cha mpira kinachopeleka nguvu ya motere kwenye sahani, akarudisha sahani. Sasa motere ingeweza kuzunguka peke yake, na disiki ingesimama. Tulirudisha waya, tukaweka sindano juu ya disiki iliyosimama, tukawasha. Tuk-tuk haikuwako. Lakini nguuu ilibaki.

Baba alitabasamu. “Unaona? Ni kelele mbili. Tuk-tuk ni ya kigurudumu. Nguuu ni ya motere.” Kwa mwisho alizima motere, akazungusha sahani kwa kidole, sindano juu ya disiki. Kimya. Basi mahali sahani inapozungukia palikuwa pazima.

Mpaka hapo hatukufungua motere, na tulikwisha kujua nusu ya habari.

KIDOLE CHA BABA

Tulichomoa waya tena. Mtu asiingize mkono ndani ya masini wakati waya ungali katika ukuta, hata kama kifungo kimezimwa. Tuligeuza sanduku juu ya godoro.

Motere ilikuwa imefungwa kwa visi tatu, na kila visi imepita katika kipira kidogo. Kazi ya vipira hivyo ni kumeza mtetemo, usifike katika bati la juu. Baba aliminya kimoja kwa ukucha. Ukucha haukuingia. Vilikuwa vimekauka kama jiwe. “Mupira mukufu unapitisha kila kitu,” alisema.

Kisha akashika kile chuma chembamba cha motere kwa vidole viwili, akakizungusha. Katika motere nzima, ukikizungusha na kukiacha, kinaendelea kidogo chenyewe. Hiki kilizunguka kwa uzito, kama mwiko katika bukari, na ukikiacha kinasimama.

Akaweka kidole mahali chuma kinapoingia katika kikombe chake cha bronzi. Kidole kilitoka na kitu chekundu-cheusi, kinanata kama gundi. Alikisugua kati ya vidole. Alikipeleka karibu na macho yake. Miaka zaidi ya 30 huyu mtu alikuwa ameshika mafuta ya kila namna katika atelie.

“Hii si mafuta ya masini,” alisema. “Hii njo mafuta ya ngazi.”

Nilisikia damu ikinishuka miguuni.

“Mudogo wangu hakuwa na sababu ya kutia mafuta ya ngazi,” akasema tena, polepole. “Nani alitia?”

Wapendwa, nilikuwa nimehubiri mara ngapi juu ya kusema kweli, sijui hesabu. Lakini neno lile halikutaka kutoka. Mtoto wangu alikuwa amekaa pale, anatutazama.

“Baba, njo miye.”

“Weye?”

“Ilikuwa inalia ki-ki-ki. Nilitaka kukusaidia. Ilikuwa mbele ya ndoa, mbele ya baba mudogo kuichukua. Siku ile mulipogombana nilikuwa mlangoni.”

Hakunipiga kelele. Alichukua lile sanduku akaanza kulipapasa, kona moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Alitazama bawaba za kifuniko. Aliweka rula juu ya bati kuona kama limepinda. Alitazama miguu ya motere, kama kuna mahali palipopasuka. Alifanya kazi ile pengine kwa nusu saa, na mimi nimeketi.

“Haikuanguka,” alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini: “Hii masini haikuanguka hata siku moja.”

KWA NINI MAFUTA YA NGAZI?

Baadaye, moyo wake ulipotulia, alinieleza mambo ambayo mimi sikuyajua nilipokuwa na miaka 13.

Kile kikombe cha bronzi si chuma kigumu tu. Kimetengenezwa na vitundu vidogo sana, macho hayavioni, na ndani yake mna mafuta membamba. Motere ikizunguka na kupata moto, mafuta yanatoka kidogo kidogo, yanalainisha. Ikipoa, yanarudi ndani. Mafuta yale yakikauka, chuma kinalia. Hiyo ndiyo ilikuwa ki-ki-ki yangu. Dawa yake ilikuwa matone mawili ya mafuta membamba ya masini, kama yale ya masini ya kushona.

Mafuta ya ngazi ni chakula. Siku za joto ni maji, na kwa siku chache yanaweza kunyamazisha kelele. Lakini ninyi mama mnajua chupa ya mafuta ya ngazi inakuwa namna gani asubuhi ya mwezi wa sita: inaganda. Hata katika motere yaliganda. Tena yanakaa, yanaoza kwa hewa na moto, yanakamata vumbi, yanakuwa gundi na kuziba vile vitundu. Chuma kinazunguka kwa kulazimishwa, kinatetemeka, na mtetemo unashuka katika bati.

Basi kelele haikuanza kwa sababu ya safari ya ndoa. Ilianza kwa sababu ya baridi. Vitu viwili vilifika juma moja, na baba akachukua kile kilichokuwa na uso wa mtu.

Tulifanya kazi siku tatu. Motere tuliifungua nje ya nyumba, mbali na mbabula, kwa sababu tulisafisha ile gundi kwa kitambaa chenye esanse, na mvuke wa esanse unawaka upesi. Vikombe vya bronzi tulivilaza katika mafuta ya masini ya kushona usiku mzima. Badala ya vile vipira vilivyokufa, baba alikata vipande vya chambrea ya kinga, akavikunja mara mbili. Hakukaza visi sana. Ukikaza sana, hata mupira mpya unabanwa na kupitisha mtetemo. Na mafuta hatukuyatia mahali pengine. Kigurudumu cha mpira na ukingo wa sahani vinapendezwa na ukavu. Tone moja la mafuta hapo, na disiki itateleza.

Kile kigurudumu kilikuwa na mahali palipobonyea. Hiyo ndiyo tuk-tuk: kila mara pale palipobonyea panapofika kwenye chuma cha motere, kinaruka kidogo. Baba alionyesha sababu. Kifungo cha mwendo hakikurudishwa katikati siku ile ya mwaka 1993. Kigurudumu kilibaki kimebanwa juu ya chuma kwa miaka yote ile. Tulisugua kwa msasa mwembamba, kikapona nusu, si chote.

“Hapa si weye,” baba alisema. “Hapa njo miye. Niliifunga na hasira.”

SAFARI YA LIKASI

Usiku ule baba alichukua telefone yake, akatafuta namba ya ndugu yake, kisha akaiweka tena mezani. “Weye utaenda,” aliniambia. “Utasema yako kwa kinywa chako. Miye nitasema yangu kisha.”

Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Njiani nilitengeneza maneno mazuri, maana ndiyo kazi yangu. Nilipofika mbele ya baba mudogo, akiwa ameketi nje ya nyumba yake na blanketi mabegani, yale maneno yote yalipotea. Nilisema tu: “Baba mudogo, ile gramafoni, njo miye niliiharibu. Nilitia mafuta ya ngazi. Nilijua, nikanyamaza.”

Alikaa kimya muda mrefu. Nilisikia kuku za jirani.

Kisha alisema, bila kunitazama: “Siku ile ya kutoka ku ndoa, sikupanda kinga. Niliifunga gramafoni na mipira mbili, nikasukuma kinga kwa miguu, njia yote, sababu njia ilikuwa na mashimo. Nilifika usiku, miguu imevimba. Nililala nayo karibu na kichwa. Kisha yaya ananiita mwongo.”

Sikuwa na neno la kujibu.

“Na weye ulikuwa na miaka ngapi?”

“Kumi na tatu.”

“Kumi na tatu, sawa,” alisema. “Lakini ulikuwa na 20 tena. Ulikuwa na 30. Ulikuwa pasta.”

Hilo ndilo neno lililonipiga, na lilinifaa. Kosa la mtoto lilikuwa mafuta. Kosa la mtu mzima lilikuwa kunyamaza. Niliomba msamaha wa yote mawili. Hakuniambia siku ile kwamba amenisamehe. Aliniambia: “Rudi. Nitakuja siku nitakuja.” Nilirudi Lubumbashi hivyo hivyo. Msiwaamini watu wanaosema kwamba ukisema kweli mzigo unaanguka palepale. Wangu ulikaa juma saba.

Alikuja mwezi wa tisa, joto likiwa limerudi. Baba alisimama kwa shida, akamwambia mbele yetu sote, na mbele ya mzee mmoja tu aliyebaki katika jirani zetu wa zamani: “Mudogo, nilikuita mwongo. Masini haikuanguka. Mwongo ulikuwa moyo wangu.” Baba mudogo alijibu, “Nilikuambia, yaya,” akaketi. Alikula bukari yetu na sombe, mara ya kwanza tangu mwaka 1993. Hakusema neno kubwa. Aliomba chumvi.

Kisha tukatoa gramafoni chini ya muembe. Baba alipangusa disiki. Gitaa ya Mwenda ilitoka safi. Ile nguuu haikufunika kitu tena. Ukitaka kuisikia, inafaa uweke sikio juu ya sanduku. Lakini katikati ya wimbo, polepole, ilisikika: tuk, tuk.

Baba mudogo aliinua kichwa. “Na hii?”

“Hiyo ni yangu,” baba alijibu.

Walicheka mpaka baba akakohoa, na mwingine akaenda kumletea maji.

KWAKO, MSOMAJI

Kama una masini ya namna hii nyumbani, usiitupe kwa sababu inanguruma. Sikiliza kwanza: motere imezimwa, motere imewaka na sindano hewani, sindano juu ya disiki inayozunguka, sindano juu ya disiki iliyosimama. Kisha fungua, waya ukiwa nje ya ukuta. Mara nyingi dawa ni matone mawili ya mafuta yanayofaa, na vipira vipya vya bei ndogo.

Na kama nyumbani mwako kuna mtu anayebeba kosa la kitu kilichoharibika, uliza kwanza kelele ilitoka wapi kabla ya kumwita jina. Na wewe kijana uliyesimama mlangoni na beseni yako ya maji, unajua ni nani aliyetia mafuta. Sema leo. Mimi nilingoja zaidi ya miaka 30, na mtu mmoja aliyesukuma kinga njia yote alikula chakula chake mahali pengine.